Malezi ya Nyumbani: Mtoto Akiuliza Habari za Mungu

Hakuna Mkristo anayekana kwamba yapasa watoto wafundishwe dini. Mzee wa kanisa hulisema neno hilo katika baraza la kanisa, mama huliombea kila usiku, na baba huliahidi siku ya ubatizo mbele ya mashahidi. Lakini mtu akitazama jinsi kazi hiyo inavyofanywa katika makanisa mengi ya Kenya, ataona kwamba mzigo wote umewekwa begani mwa mtu mmoja, naye ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Mara nyingi mwalimu huyo ni kijana asiye na mshahara. Amepewa watoto wengi wa umri mbalimbali, mahali pao ni chini ya mti au katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, na muda wao ni mfupi sana katika juma zima. Huwaimbisha, huwasomesha aya moja mpaka waijue kwa moyo, huwaombea, kisha huwarudisha kwa wazazi wao.

Njiani kwenda nyumbani mzazi huuliza, "Leo mmefundishwa aya gani?" Mtoto huitamka yote bila kukosea hata neno moja. Mzazi hufurahi, akahesabu kwamba kazi ya juma hilo imekwisha.

Kwa kweli kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza. Kukariri aya ni jambo jema. Maneno yaliyowekwa moyoni utotoni hukaa, na mzee ambaye macho yake hayawezi tena kusoma huyasema gizani yakamfariji. Hata hivyo kila mkulima ajua kwamba mbegu iliyo ghalani, hata ikiwa safi namna gani, haijawa shamba. Aya iliyokaririwa huanza kuota siku ile mtoto anapouliza maana yake, nayo humea au hunyauka kwa kadiri ya jibu atakalopewa na mtu anayemwamini. Kwa watoto walio wengi mtu huyo ni baba, mama, babu au nyanya.

Jambo hili halikuletwa juzi na wasomi. Limo katika Biblia yenyewe. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 12, Waisraeli waliagizwa kuishika Pasaka kila mwaka, na hapo hapo wakaambiwa kwamba watoto wao watauliza maana ya ibada ile, nao wawe tayari kujibu. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 6, mwana anauliza maana ya amri, na baba anamjibu kwa kumsimulia jinsi watu wao walivyokuwa watumwa katika Misri na jinsi walivyotolewa. Katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 4, mawe 12 yalichukuliwa katikati ya mto Yordani yakasimamishwa Gilgali, kusudi watoto wa baadaye wayaone na kuuliza ni mawe ya nini.

Msomaji na aangalie vizuri ni nani anayeuliza katika habari hizo tatu. Ni mtoto. Mkubwa ndiye anayejibu. Hata leo, katika nyumba nyingi za Wayahudi, usiku wa Pasaka mtoto aliye mdogo kuliko wote hupewa heshima ya kuuliza maswali mbele ya jamaa nzima. Naye Bwana Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12 alionekana hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, kama Luka anavyoeleza katika mlango wake wa 2. Haikuandikwa kwamba mwalimu hata mmoja alimwambia anyamaze kwa kuwa yeye ni mtoto.

Siku hizi mambo yamegeuzwa. Mkubwa ndiye anayeuliza, na mtoto hujibu maneno aliyopewa. Akijibu sawasawa, hupewa peremende au cheti. Akiuliza yeye, huambiwa kwamba ana utundu.

Katika Afrika ya Kaskazini, karibu na mwaka wa 400, shemasi mmoja wa Karthago aitwaye Deogratias alimwandikia Augustino, askofu wa Hippo, mji ulio katika nchi ya Algeria ya leo. Shemasi huyo alikuwa akiwafundisha watu wapya waliotaka kuingia katika dini, naye alilalamika kwamba maneno yake yalikuwa marefu na baridi, hata yeye mwenyewe alichoka kuyasikia. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Alimshauri afundishe kwa furaha, amtazame msikilizaji wake usoni, amwulize kama ameelewa, na akimwona amechoka kwa kusimama, amletee kiti. Askofu yule alijua jambo hilo kwa maisha yake mwenyewe. Katika kitabu chake cha Maungamo aliandika kwamba Kilatini alijifunza kwa urahisi kutoka kwa walezi waliocheka na kucheza naye, lakini Kigiriki kilimshinda kwa sababu alifundishwa kwa vitisho na adhabu. Akasema kwamba hamu ya kujua yenyewe hufundisha lugha kuliko hofu. Kama ni hivyo kwa lugha, si zaidi kwa imani?

Hata katekisimo, ambayo wengi huidhani kuwa ni kitabu cha kukariri darasani, haikuanza hivyo kwa watu wote. Mwaka wa 1528 Martin Luther alizunguka katika vijiji vya Saxony, huko Ujerumani, akaona kwamba watu wengi hawakujua amri za Mungu wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengi hawakuweza kufundisha. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekisimo Ndogo. Katika kitabu hicho, baada ya kila amri limewekwa swali la kutaka maana yake. Tena juu ya mafundisho yale imeandikwa kwamba ni mkuu wa nyumba awafundishe jamaa yake kwa maneno mepesi. Kitabu kile kilikusudiwa kiwe mezani pa chakula, si mikononi mwa mwalimu peke yake.

Basi shule ya Jumapili ilitoka wapi? Mwaka wa 1780, katika mji wa Gloucester, Uingereza, mwenye gazeti mmoja jina lake Robert Raikes aliona watoto maskini wakizurura barabarani siku ya Jumapili. Siku sita walifanya kazi katika viwanda, na hawakuwa na shule. Raikes aliajiri walimu wa kuwafundisha kusoma, na kitabu chao kikuu kilikuwa Biblia. Mpango ule ulienea upesi katika Uingereza nzima na kuvuka bahari. Ulikuwa mpango mwema, lakini asili yake haifai kusahauliwa. Uliwekwa kwa ajili ya watoto ambao nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kuwafundisha.

Katika Kenya mambo yalikuwa karibu na hayo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka wa 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni huko Rabai. Baadaye, karibu na mwaka wa 1875, ilijengwa Frere Town kando ya Mombasa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Wengi wao walikuwa watoto walionyang'anywa wazazi wao katika nchi za mbali. Kwa watoto hao mwalimu na kanisa walikuwa ndio baba na mama, kwa maana hawakuwa na wengine. Kazi ile ilizaa matunda. William Jones na Ishmael Semler, waliokuwa watumwa utotoni, wakalelewa na kufundishwa Nasik katika India, waliwekwa mikono kuwa mashemasi na Askofu Hannington mwaka wa 1885.

Baada ya hapo dini ilipoenea bara, Mkristo na msomaji walikuwa kitu kimoja. Wakikuyu waliwaita Wakristo athomi, na Wajaluo waliwaita josomo, na maneno yote mawili maana yake ni watu wa kusoma. Agano Jipya lilitolewa kwa Kikuyu na kwa Kijaluo mwaka wa 1926, na Biblia ya Kiswahili ya Union ikatolewa mwaka wa 1952. Aliyetaka kubatizwa alikwenda shule, na shule ilikuwa ya misheni. Hivyo wazazi wakazoea kwamba dini ni kazi ya mwalimu, kama hesabu na jiografia.

Mazoea hayo yalibaki hata shule zilipobadilika. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 usimamizi wa shule ulitoka mikononi mwa makanisa, nayo yakawa wafadhili tu. Dini iliendelea kufundishwa kama somo, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliofanywa tangu 1985 mpaka 2023 ulikuwa na maswali yake. Hakuna ubaya katika mtihani. Lakini mtihani wapima kama mtoto ajua jina la mfalme aliyemfuata Sauli; hauwezi kupima kama mtoto huyo atamtumaini Mungu siku atakapofiwa. Mzazi akiona alama nzuri katika karatasi ya dini, huenda akadanganyika kwamba mwanawe ana imani nzuri.

Hebu na tufikirie nyumba moja ya kawaida, ambayo yaweza kuwa katika kijiji chochote. Nyanya amefariki baada ya kuugua miezi mingi. Kanisa zima lilimwombea. Siku chache baada ya mazishi, jioni, mtoto wa miaka tisa anamkaribia baba yake aliyekaa barazani.

"Baba, nyanya aliombewa na watu wote. Mbona amekufa?"

Baba mmoja atajibu, "Nyamaza, mwanangu. Mtoto hahoji kazi ya Mungu." Mtoto atanyamaza kweli, wala hatauliza tena. Lakini swali halikufa. Limezikwa likiwa hai. Litakaa ndani yake mpaka afike shule ya sekondari au mjini, na huko mtu wa kwanza atakayempa jibu lolote, jema au ovu, ndiye atakayekuwa mwalimu wake.

Baba mwingine atamkalisha karibu naye. Atasema, "Hata mimi, mwanangu, nimeuliza hivyo hivyo. Hata Bwana Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake Lazaro, kwa hiyo kulia kwetu si dhambi. Kuomba si kumwamuru Mungu. Tulimwomba amponye, naye hakuona vema abaki. Kwa nini hivyo, sijui. Ninalojua ni kwamba nyanya hakuogopa, kwa maana alimjua yule anayekwenda kwake." Baba huyo hakumaliza swali. Wanavyuoni wa dini wameandika vitabu vingi juu yake wala hawajalimaliza. Lakini mtoto amejifunza mambo matatu: kwamba Mungu haogopi maswali, kwamba baba yake hasemi uongo juu ya asilolijua, na kwamba mtu aweza kuwa na huzuni na imani katika moyo mmoja.

Wengine watasema kwamba kumpa mtoto ruhusa ya kuuliza ni kumfungulia mlango wa ukaidi. Hutaja methali, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali ni ya kweli, lakini mtoto si samaki. Samaki aliyekunjwa hukaa alivyokunjwa kwa sababu amekufa. Mtoto ni hai, na akikunjwa kwa nguvu hujikunjua siku mkono uliomshika unapoondoka. Wazee waliotangulia walijua hayo, ndiyo maana wakasema pia kwamba kuuliza si ujinga.

Tena, hatari kubwa haiko upande wa wanaouliza. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliokuwa wafuasi wa mafundisho ya kufunga chakula mpaka kufa, kwa tumaini la kukutana na Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400, na watoto walikuwamo wengi. Mwaka wa 2024 washtakiwa walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuwaua watoto 191. Shakahola na Rabai, ambako misheni ilianza mwaka wa 1846, zote zimo katika kaunti moja ya Kilifi.

Haifai kuwalaumu waliokufa, na hasa watoto, ambao hawakuwa na nguvu ya kukataa. Lakini wanaobaki yawapasa kujifunza. Maneno ya Biblia yalisomwa pale pia, na aya zilitajwa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuuliza kama aya zile zilitumiwa kwa haki. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, watu wa Beroya wanasifiwa kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli. Ikiwa Mtume Paulo mwenyewe alipimwa, ni mhubiri gani wa leo asiyepaswa kupimwa? Katika Injili ya Marko, mlango wa 5, Yesu alipomfufua binti Yairo, mtoto wa miaka 12, neno aliloagiza baadaye ni kwamba apewe chakula. Mtu aliyesimuliwa habari hiyo utotoni, akaruhusiwa kuuliza kwa nini Yesu alikumbuka chakula, amepata kipimo cha kumpima kila atakayemwambia kwamba Mungu apendezwa na njaa ya watoto.

Basi mkulima na karani, ambao siku zao zimejaa kazi, wafanye nini? Haihitajiwi elimu kubwa wala vitabu vingi.

Kwanza, nyumba iwe na jioni moja katika juma ya kusoma habari moja tu ya Biblia, fupi, baada ya chakula. Isomwe kwa lugha ambayo mtoto huitumia anapoota ndoto. Kama nyanya hajui Kiswahili cha Biblia, na isomwe kwa lugha ya kwao, ili yeye naye apate nafasi ya kueleza. Timotheo, kama Paulo anavyomkumbusha, aliipata imani iliyokaa kwanza katika nyanya yake Loisi na mama yake Eunike.

Pili, msomaji akimaliza asikimbilie kutoa fundisho. Anyamaze kidogo. Watoto wataanza kuuliza, kwanza maswali madogo, kama vile samaki yule wa Yona alikuwa mkubwa kiasi gani, kisha makubwa. Maswali madogo yasidharauliwe, kwa maana mtoto hujaribu daraja kwa mguu mmoja kabla ya kulipita.

Tatu, mzazi asiyejua jibu aseme hajui, kisha atimize neno lake la kutafuta. "Jumapili tutamwuliza mchungaji" ni jibu la heshima, ikiwa Jumapili mtoto atashikwa mkono na kupelekwa kwa mchungaji kweli. Naye mchungaji asimpe mtoto pipi tu na kumpapasa kichwa, bali amjibu kama anavyowajibu wazee.

Nne, kanisa limsaidie mwalimu wa shule ya Jumapili. Apewe mwenzake, apewe vitabu, na mara moja katika mwezi wazee wawili au watatu waketi na watoto, wasimulie jinsi wao walivyoamini na mambo gani yaliwapa shaka. Watoto nao wapewe kazi: kufagia kanisa, kuwapelekea wagonjwa maji na kuni, kupokea sadaka. Mtoto aliyemchotea maji mjane huuliza juu ya upendo kwa namna tofauti na aliyesikia mahubiri tu.

Tano, na hili ndilo gumu, mzazi akumbuke kwamba mtoto husoma maisha ya nyumbani kabla ya kusoma kitabu. Baba anayetia maji katika maziwa ya kupeleka dukani, au anayemtuma mtoto kumwambia mwenye deni kwamba baba hayupo, amefundisha somo ambalo saa moja ya Jumapili haiwezi kulifuta. Eli alikuwa kuhani, na nyumba yake ilikuwa kando ya madhabahu. Hata hivyo wanawe Hofni na Finehasi waliharibika, kwa sababu baba hakuwazuia walipojiletea laana.

Mkulima wa kahawa huweka miche yake kitaluni chini ya kivuli. Hawezi kuitoa juani ikiwa bado michanga, lakini pia haiachi kivulini mpaka siku ya kuihamisha. Hupunguza kivuli kidogo kidogo, ili mche uzoee jua kabla ya kwenda shambani. Vivyo hivyo kila swali linalojibiwa kwa upole nyumbani ni jua kidogo. Mtoto aliyeuliza mbele ya baba na mama, akasikilizwa, hatashangaa atakapoulizwa na ulimwengu.

Mwalimu wa shule ya Jumapili ataendelea kufundisha aya, na yafaa ashukuriwe sana. Lakini Jumapili ijayo, mtoto atakapotoka darasani, mzazi na amwulize neno jingine badala ya lile la kila siku: "Leo, mwanangu, umetamani kuuliza nini?" Kisha akae kitako asikilize.